Mkono Mmoja na Mstari wa Kijani

Wewe umeme umewahi kuuona, au unaamini tu kwamba upo?

Hivyo ndivyo fundi wa karakana ya chuo alivyowauliza wanafunzi wapya kila mwaka. Kisha akawasha oskiloskopu, mashine nzito ya zamani inayouchora umeme kwa mstari wa kijani kwenye kioo kidogo. Wao walimwita Mkono Mmoja. Mikono alikuwa nayo yote miwili. Ila akipima penye umeme mkali, wa kushoto aliutia mfukoni, umeme usije ukapata njia ya kupita kifuani. Hata chai nyumbani aliinywa hivyo, mkewe akachoka kumsema.

Sasa kioo kilikuwa giza, na kesho yake lori la vyuma chakavu lilikuwa linakuja. Mtunza stoo, kaka wa mkewe, alikuwa amepewa amri: kinachofanya kazi kibaki, kisichofanya kazi kiende. Ndivyo tunavyotunza mali ya umma. Kitu kikikohoa, kinachimbiwa kaburi.

"Shemeji, mwache bibi apumzike," mtunza stoo alisema, ameegemea mlango, akiitazama mashine. "Ametuzidi umri sisi sote."

"Kakuzidi na akili."

Fundi alianza kama kawaida yake. Alilowesha kitambaa akaiosha mashine uso, kioo na vifundo vyote vya kuzungusha, maana hakugusa mgonjwa mchafu. Ndipo akafungua mfuniko, akawasha. Taa iliwaka, kwa hiyo fyuzi ilikuwa nzima. Nyuma ya kioo uzi mdogo uliiva mwekundu, kioo hakijafa. Akatia mkono mfukoni, akapima. Palipotakiwa volti mia na ishirini palikuwa na themanini, tena zinayumba. Kapasita moja, kikopo kidogo cha kuhifadhi umeme, ilikuwa imevimba kama tumbo la mlafi. Alichomoa waya ukutani, akangoja umeme uliobaki ndani uishe, akaing'oa, akalehemu nyingine aliyoitoa kwenye redio mbovu.

Akawasha tena. Volti zilitulia pale pale zinapotakiwa. Kioo cheusi tii.

Alipima upya kila mahali. Hakuna kosa, na mstari hakuna. Akaketi, akawawaza wanafunzi wa mwaka ujao, ambao angewachorea umeme kwa chaki.

"Usafi wako huo," mtunza stoo alisema. "Umemwosha bibi uso mpaka umemfuta macho."

Fundi aliigeukia mashine. Akavitazama vifundo. Kile cha kupandisha na kushusha mstari kilikuwa kimezungushwa hadi mwisho. Kitambaa kilikuwa kimepita nacho. Mstari ulikuwepo muda wote, umepanda nje ya kioo. Akakirudisha kwa vidole viwili. Ukashuka polepole, mwembamba, ukanyooka katikati.

"Usimwambie dada yako."

"Nitaanza na yeye."

Asubuhi fundi alipofika, lori lilikuwa limeshafungua mlango wa nyuma. Shemeji yake alikuwa amekwisha kuiwasha mashine juu ya meza yake, wapakizi waone wenyewe.

"Na hii?" mmoja aliuliza.

"Hiyo inafanya kazi," mtunza stoo alijibu. "Mbovu ni meza."

Wakatazama chini ya meza, wakauona mguu wenye ufa. Wawili waliinyanyua oskiloskopu, wakaiweka sakafuni ikiwa bado imewashwa. Mstari ukatikisika kidogo, ukatulia. Kisha wakaibeba meza, wakaitupa juu ya lori.