Fahali wa Waweru

Katika vilima vya Tetu hakuna anayejua siri za wanaume kama Kingori, na siri zenyewe hakuzitafuta. Kazi yake ni kupandisha ng'ombe. Anakuja na pikipiki, mtungi wa mbegu umefungwa nyuma kwa mpira, anavaa glavu ya plastiki inayofika begani, na kwa dakika tano anamaliza kazi ambayo zamani ilihitaji fahali mzima, kamba mbili na wanaume wanne wenye roho ngumu. Watu humwita Daktari. Si daktari kamili, ana cheti cha afya ya mifugo na miaka kumi na tisa ya kukanyaga samadi, lakini jina likishakuganda haliondoki, na kusema kweli analipenda.

Sasa wanaume wa huku wana kituko kimoja. Mtu akiumwa na mgongo, atamwambia mkewe, mamake na hata kondakta asiyemjua. Lakini akiumwa pale ambapo hapaonyeshwi watu, miguu humpeleka kwa Kingori. Anamngoja nyuma ya zizi, anaangalia huku na huku, kisha anaanza: "Daktari, niko na ndume yangu, ikikojoa inasikia moto." Au: "Ndume yangu inatoa usaha, hata sijui ni nini." Kingori husikiliza akiwa amekaza uso, lakini ndani anaisha kwa kicheko. Maana wanaume hao husahau jambo moja: huku hakuna mafahali. Wa mwisho aliuzwa kwa mchinjaji kabla ya watoto wa darasa la nne kuzaliwa, na aliyewashawishi wafugaji wawaache mafahali ni Kingori huyo huyo. Anamjua kila ng'ombe wa kila boma kwa jina, na hajui fahali hata mmoja.

Basi yeye huuchezea mchezo. Huuliza ndume ana umri gani, analala wapi, na kama siku hizi ametoka nje ya boma. Mwishoni husema, "Peleka hiyo ndume kliniki ya watu, na bibi yake pia." Kisha wote wawili wanacheka, na mgeni anaondoka akiwa mwepesi kidogo. Kama anaenda kliniki kweli, hilo Kingori halifuatilii. Kuna kitu kimoja tu ambacho hakubali hata umpigie magoti: kumdunga mtu dawa ya ng'ombe. Hapo huwa mkali, na sifa hiyo tumpe.

Mwezi wa pili mwaka huu aliyekuja nyuma ya zizi alikuwa Waweru. Huyu ni rafiki yake wa kufa kuzikana, walisoma darasa moja tangu wakiwa hawajui kufunga viatu. Waweru huendesha lori la maziwa la chama cha wafugaji na huimba sauti ya nne kanisani. Mkewe ni Wachuka, ambaye wengi humwita Mama Kim kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Baada ya Kim walikaa miaka minane wakitafuta mtoto wa pili. Walizunguka kwa madaktari, wakaombewa, wakachoka, na mwishoni mwa mwaka jana, walipokuwa wameshakata tamaa, Wachuka akapata mimba. Kijiji kizima kilifurahi kama mimba ni ya kila mtu.

"Daktari," Waweru alisema, macho yakiwa kwenye mtungi, "ndume yangu imetokewa na kidonda."

Kingori nusura adondoshe glavu. "Kinauma?"

"Hapana, hata hakiumi. Ni kadogo, kama punje ya mahindi."

"Inakula vizuri?"

"Inakula kama kawaida."

"Na ilitoka nje ya boma?"

Waweru alikohoa. "Ilienda Kerugoya kidogo, mwezi wa kwanza."

Hapo Kingori alishindwa. Alicheka mpaka akajishikilia kwenye nguzo ya zizi, Waweru naye akacheka kwa aibu, hata ng'ombe akaacha kucheua akawatazama. Alipopata pumzi, Kingori alimwambia aipeleke kliniki, Waweru akasema ataipeleka, wakaenda kunywa chai. Wachuka ndiye aliyewamiminia.

Wiki tatu baadaye Waweru alisimamisha lori barabarani ili ampe habari. "Imepona! Yenyewe, ati bila dawa."

"Hiyo ndume iko na damu nzuri," Kingori alisema, akampiga bega. Alimwamini, kwa sababu alitaka kumwamini. Mambo yakaishia hapo.

Mwezi wa nne chama cha wafugaji kilifanya mkutano wa mwaka katika uwanja wa kanisa. Kati ya maombi na chakula, mgeni mmoja alikuwa amepewa dakika kumi. Aliitwa Phoebe, mhudumu wa kliniki moja mjini Nyeri, mwanamke wa kutoka Busia mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti. Alianza na kisonono, wanaume wakaanza kusukumana viwiko. Alisema mwanamume atasikia moto akikojoa na ataona usaha, lakini mwanamke anaweza kukaa nacho bila kusikia chochote, kikimharibu kizazi polepole. Alisema virusi vya ukimwi vinaweza kukaa mwilini miaka mingi mtu akiwa mnono na mwenye nguvu, na hakuna macho yanayoweza kuviona, ni kipimo cha damu tu.

Kingori alikuwa mstari wa nyuma akiwachekesha wenzake. Kisha akamsikia Phoebe akisema:

"Na kuna kaswende. Hiyo ndiyo mjanja kabisa. Inaanza na kidonda kimoja, kidogo, hakiumi. Baada ya wiki kadhaa kinaenda chenyewe. Watu wanasema, aa, nimepona. Ndugu zangu, hujapona! Ugonjwa umeingia ndani tu. Mtu anaambukiza bibi yake, na bibi akiwa na mimba, mtoto anaweza kufia tumboni, ama azaliwe nayo. Na dawa iko. Ni sindano. Watoto wanakufa kwa kitu kinachotibika na sindano."

Kicheko kilimkauka Kingori mdomoni. Upande wa akina mama aliketi Wachuka, mimba ya miezi mitano imeanza kuonekana vizuri chini ya sweta, akinong'onezana na jirani yake na kufurahi. Kingori akamtafuta Waweru kwa macho. Waweru alikuwa amesimama kando ya lori lake akitazama chini.

Saa hiyo hiyo mkutano ulipoisha, Kingori hakungoja hata wali. Alimfuata Waweru mpaka nyumbani, akamkuta zizini akimkatia nyasi Kanini, ng'ombe wao.

"Daktari, hiyo ndume yangu..." Waweru alianza, akijaribu kutabasamu.

"Waweru, wewe huna ndume."

Panga likatulia. Waweru aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, jitu zima la kilo tisini. Akasema yote kwa mara moja. Kwamba akipimwa watampima na ile nyingine ya virusi, na akipatikana nayo atakufa kwa mawazo kabla ya ugonjwa. Kwamba Mama Kim atamwacha. Kwamba ataonekana kwenye benchi ya kliniki, na kesho kwaya nzima itajua.

"Unakumbuka Kanini alipotupa mimba?" Kingori alimuuliza. "Ule mwaka ulimpeleka kwa ndume ya kule Kiganjo bila kuningoja, ikamwambukiza."

"Nakumbuka. Mimba ya miezi minne."

"Hiyo ndume ilikuwa inaonekana mgonjwa?"

Waweru alifikiri. "Hapana. Ilikuwa inang'aa."

"Haya."

Waweru alitazama nyumba, ambako mkewe alisikika akimwita Kim aje aoge, akafuta uso kwa mkono wa shati. "Kesho asubuhi," alisema. "Lakini twende na wewe. Na wewe upimwe kwanza."

Jambo hilo Kingori hakulitegemea. Hakuwa amepimwa tangu alipofunga ndoa na Ngendo, na mtu ambaye mkono wake umezama ndani ya ng'ombe maelfu aligundua asubuhi iliyofuata kwamba anaogopa kisindano cha kutoboa kidole. Walikuwa wamekubaliana kwenda mjini, mbali na macho ya watu. Waliingia kliniki wakiwa wamevuta kofia mpaka kwenye nyusi, na wa kwanza kuwaona alikuwa Mzee Hezekiah, mzee wa kanisa lao, ameketi kwenye benchi akisoma gazeti.

"Karibuni, karibuni!" aliwaita, kana kwamba ni nyumbani kwake. "Toeni hizo kofia, mnaonekana kama wezi wa kuku."

Waweru alitaka kurudi mlangoni. Kingori alimshika koti.

"Na wewe, mzee, umekuja... ni presha?" Kingori aliuliza.

"Presha gani? Mimi ni kuchukua dawa ya virusi. Miaka kumi na mbili sasa." Mzee alikunja gazeti. "Nilipoambiwa niko navyo nilienda kununua jeneza, fundi akaniambia nirudi wiki ijayo hana mbao. Mpaka leo sijarudi. Nameza tembe moja kila siku, na wakipima damu vimepungua mpaka havionekani. Mama watoto hana, tumepima mara nyingi. Na mahindi yangu mmeyaona."

Kweli mahindi yake walikuwa wameyaona, yalikuwa mazuri kuliko ya kila mtu. Waweru aliketi karibu naye, akashusha pumzi ambayo huenda alikuwa ameishikilia tangu mwezi wa pili. Halafu jina la Kingori likaitwa, na yeye akatoa kidole, akafumba macho, akauliza kama imeisha kabla ya kuguswa. Phoebe alicheka mpaka akaweka kisindano mezani.

Kingori alikuwa salama. Waweru naye hakuwa na virusi vya ukimwi, ila aliambiwa arudi kupimwa tena baada ya miezi mitatu, kwa sababu virusi vikiwa vipya kipimo kinaweza kukosa kuviona. Kaswende alikuwa nayo.

"Bibi yako alipimwa kliniki ya wajawazito?" Phoebe alimuuliza.

"Ndiyo, na akaambiwa yuko sawa. Karatasi iko kwa nyumba."

"Ilikuwa kabla ya ile safari ama baada?"

Waweru alihesabu miezi kwa vidole. "Kabla."

"Basi hiyo karatasi haitusaidii. Leo wewe utadungwa, na kesho umlete. Na huyo wa Kerugoya pia mwambie, yeye pia ni mtoto wa mtu. Mpaka nyinyi wawili mmalize matibabu, kila mtu na blanketi yake."

Jioni ile Waweru alimwambia mkewe. Kingori hakuwepo, lakini aliyasikia baadaye kwa Waweru mwenyewe. Wachuka hakupiga kelele. Alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza kama mtoto bado anaweza kuokolewa, akajibiwa ndiyo, akaingia kulala na Kim. Asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni, ameshavaa koti. Alipimwa, akakutwa nayo, akadungwa, na kwa mwezi mzima hakumsemesha mumewe ila kuhusu maziwa. Kila aliporudi kliniki Waweru alimfuata nyuma akibeba mkoba, na kwaya ilimwona, na hakufa.

Mtoto alizaliwa mwezi wa nane. Msichana, kilo tatu na robo, sauti ya kuamsha kijiji. Walimpima damu, wakamkagua, wakasema yuko salama. Aliitwa Wakiuru, jina la mamake Waweru.

Kingori na Ngendo walienda kumwona wakiwa na ndizi, maharagwe meusi ya njahi na chupa kubwa ya uji. Ngendo alipoingia jikoni kusaidia kupakua, Kingori alibaki sebuleni na Wachuka na mtoto.

"Daktari," Wachuka alisema bila kumtazama, "ile kidonda uliambiwa lini?"

Kingori alitafuta utani, kama kawaida yake. Haukuja. "Mwezi wa pili."

"Na mkutano ilikuwa mwezi wa nne." Alimfunika mtoto vizuri. "Sisemi ungetoa siri ya mwenzako. Najua hiyo si rahisi. Lakini nyinyi mlicheka. Mimi nikiwa kwa nyumba nawawekea chai."

"Tulicheka," Kingori alisema. "Na mimi ndiye nilianza. Ningemshika mkono siku hiyo hiyo, nikampeleka. Pole, Mama Kim."

Ilimuuma kulisema, na ilimuuma zaidi kwamba ni kweli. Wachuka akamnyooshea mtoto. Kingori aliomba maji, akanawa mikono mara mbili, akampokea. Mtoto alikuwa mzito kuliko alivyodhani. Kingori akamfungua ngumi ndogo, akaangalia viganja, halafu akavua soksi akaangalia nyayo, moja baada ya nyingine, kwa sababu Phoebe aliwaambia kwamba upele wa kaswende hupenda kujitokeza huko. Ngozi ilikuwa safi.

"Mimi humwangalia hivyo kila asubuhi," Wachuka alisema. "Najua wamesema yuko sawa. Lakini namwangalia."

Kingori alimvalisha soksi kwa shida, vidole vyake vinene havikuzoea kitu kidogo namna ile. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane alikaa mbele ya mwanamke huyo bila kutafuta la kumchekesha. Wachuka alimvumilia kwa muda, kisha akaguna.

"Sasa cheka kidogo, Daktari. Mtoto ataona ni kama ameletwa matanga."

Kingori akacheka, machozi yakamtoka papo hapo, na Wakiuru akaanza kulia kwa sauti ile yake mpaka Waweru akaja mbio kutoka zizini kuuliza ni nani amemfinya.