Wanasema Gari la Marehemu Linanikataa

Admin, ficha jina langu ila maneno yangu usiyapunguze makali. Nina miaka 36, ni mjane, mama wa watoto wawili, ninaishi Mwisenge hapa Musoma. Mume wangu aliniachia gari dogo tulilolinunua pamoja kwa jasho letu. Ndilo linalotulisha. Nafuata samaki Bukima, nauza Bunda.

Baada ya matanga, ukoo uliniita Butiama. Nikaambiwa mdogo wa marehemu atanirithi na kunitakasa, ndiyo mila. Nikakataa palepale mbele ya wazee. Mimi niliolewa na mtu mmoja, na huyo nimeshamzika. Shemeji huyo alinuna.

Haikupita miezi mingi gari likaanza kutetemeka. Nikisimama gia ikiwa ndani, usukani unanitikisa mpaka mikono inakufa ganzi. Nikiweka rivasi, kitu kinagonga huko mbele. Siku moja nampeleka mama mkwe kanisani, likatetemeka vibaya. Akashika dashibodi, machozi yakamtoka. "Mwanangu alikuwaga mpole," akasema. "Leo mbona ana hasira hivi?" Akashuka, akatembea kwa miguu. Tangu siku hiyo hajalipanda tena.

Shemeji akapata la kusema. "Gari inamkataa. Hajatakaswa, anakaliaje kiti cha kaka? Airudishe nyumbani." Maneno yakafika hadi sokoni Bunda, wateja wakaanza kukwepa samaki wangu eti wamebebwa na gari la mizimu. Nisidanganye, niliogopa. Kuna siku nilijikuta nauomba usukani msamaha.

Kisha nikajiuliza, marehemu alinipenda miaka yote ile, leo anisumbue kwa rivasi? Nikalipeleka gereji. Shemeji akasikia, akanifuata hukohuko akitaka funguo. Nikamwambia, "Kaa wewe basi, maana wewe ndiye gari inayekutaka."

Akakaa kwa madaha. Fundi akafungua boneti, akamwambia akanyage breki, aingize gia ya D, akanyage na pedeli ya mafuta kidogo. Injini ikaruka juu kama inataka kutoka, na shemeji akatikiswa kiti kizima. Nikamuuliza, "Shemeji, kumbe na wewe hujatakaswa?" Gereji nzima ikacheka.

Fundi akamulika tochi. "Maunting zimekwisha, mama. Hizi raba ndizo zinashikaga injini isiteteme." Akaweka jeki na ubao chini ya injini kuibeba, akalegeza nati, akazitoa. Moja raba yake ilikuwa imepasuka na kuachana kabisa na chuma, imelowa oili iliyokuwa inavuja juu yake. Akaziba pale palipovuja, akafunga mpya. Nikawasha. Kimya! Nililia pale pale kwenye kiti, na sikuona aibu.

Ile maunting mbovu nikaitia mfukoni nikaenda nayo Butiama. Nikaiweka kwenye stuli katikati ya kikao. "Huyu hapa aliyekuwa ananikataa. Mwangalieni vizuri." Wazee wakaipokezana mkono kwa mkono. Mnajua shemeji alisema nini? "Basi kama imetulia, marehemu ameridhika. Sasa irudi nyumbani."

Likitetemeka ni lao, likitulia ni lao! Nikachukua funguo zangu nikatoka.

Mama mkwe akanifuata mpaka barabarani, akanishika mkono. "Mwanangu, raba nimeiona. Lakini kubali tu kutakaswa, hata kwa jina, watu wanyamaze. Na mimi nipandage tena gari ya mwanangu bila moyo kudunda."

Hapo ndipo nimekwama. Kurithiwa wala kutakaswa sikubali, hata kwa jina. Gari sitoi. Anayetaka kuniambia niwaombe radhi wazee, apite tu na shughuli zake, hilo nimeshalimaliza. Lakini huyu mama ndiye aliyenipokea kama binti yake, akanilelea watoto. Magoti yanamuuma. Jumapili nikienda kumsalimia namkuta anatembea kwenda kanisani na fimbo, nasimama, nafungua mlango wa mbele, injini imetulia tuli. Anakiangalia kile kiti, anatikisa kichwa, anaendelea na safari yake, na mimi namfuata nyuma polepole mpaka afike.

Ninyi mnaoujua ukoo na mila zetu, nisaidieni kwa hili moja tu. Nimwambie nini mama huyu ili apande, na mimi nisishuke?