Gari la Bwana Mifugo

Gari lililonitoa Dodoma lilikuwa refu kwenda juu, la kijani kilichochujuka, magurudumu yote manne yanavuta, na gia zake zilijibadilisha zenyewe. Ilikuwa miaka ya ruksa, nguo za mitumba zilipojaa minadani na magari yaliyochoka katika nchi nyingine yalipoanza kupanda huku bara kutoka bandarini. Gereji yetu ya nyuma ya reli ilikuwa haijawahi kupokea gari la otomatiki. Hakuna fundi aliyelisema hilo mbele ya mwenye gari.

Mwenyewe alikuwa bwana mifugo wa Mpwapwa, aliyepunguzwa kazini baada ya kuchanja ng'ombe wa watu karibu maisha yake yote. Kiinua mgongo chake kilikuwa kimeishia kwenye gari hilo. Treni ikifika Gulwe, alipakia abiria na magunia yao na kuwapeleka Mpwapwa mjini. Mkewe alikuwa ametaka wanunue mashine ya kusaga. Alinieleza hayo siku ya kwanza tu, huku akicheka.

"Hili likinishinda, kijana, sijui nitaingilia mlango gani nyumbani."

Mimi nilikuwa na miezi minne pale gereji, muda mrefu kwa mtu wa aina yangu. Shule niliiacha darasa la sita. Tangu hapo nilishabeba chumvi, nikapakia ng'ombe kwenye mabehewa, nikachoma matofali. Sikutulia popote, ila kila nilipofika nilitaka kujua kitu cha pale kinafanyaje kazi. Gia zinazojibadilisha zenyewe zilininyima usingizi.

"Inachelewa kutoka mbili kwenda tatu," alisema bwana mifugo. "Injini inalia, inalia, halafu inapiga teke kama punda."

Nililiendesha kuelekea Chimwaga na kurudi. Ilikuwa kweli. Injini ilipanda sauti mpaka nikataka kuachia mafuta, ndipo gia ikaingia kwa kishindo kilichonirusha kitini.

Niliporudi, fundi mkuu alikuwa amesimama getini. "Zima! Hiyo petroli ya baba yako?"

Alikuwa fundi wa miaka ya foleni za petroli, watu walipolala na madumu vituoni. Gari lililosimama huku linanguruma lilimuuma. Sote aliotufundisha tulijua: unazima kwanza, kisha unafungua boneti. Nikazima. Nikavuta kijiti cha kupimia oili ya gia boksi, nikakifuta kwa kitambaa, nikakirudisha, nikakivuta tena. Oili nyekundu ilikuwa imepita alama ya juu kwa vidole viwili.

"Ugonjwa ndio huo," alisema fundi mkuu. "Imevimbiwa."

"Ng'ombe akivimbiwa sisi tunamtoboa ubavu," alisema bwana mifugo.

"Basi na huyu tunamtoboa!"

Tulicheka wote. Nikaingia uvunguni, nikalegeza nati ya chini na kuimwaga oili kwenye kopo, nikiwa natoka kupima na kurudi, mpaka ikalingana na alama. Nikiwa kule chini niliona waya mwembamba unaotoka upande wa kabureta na kuingia kwenye gia boksi, umekazwa kama uzi wa zeze. Nikamuuliza fundi mkuu ni wa nini.

"Umetumwa oili, wewe. Usiguse usichotumwa."

Tulipolijaribu, gia zilibadilika kwa ulaini. Bwana mifugo alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Sasa najua kwamba ulaini ule ulikuwa sahani za klachi zikiteleza humo ndani, kwa sababu oili ya kuzibana haikutosha.

Baada ya siku tisa alirudi. Akikanyaga mafuta injini inapiga kelele, alisema, lakini gari linajivuta tu. Tukazima, tukapima. Oili ilikuwa kwenye alama kabisa.

"Haina tatizo," alisema fundi mkuu. "Punguza magunia, mzee."

Aliondoka akiwa anaitikia kwa kichwa kama mgonjwa aliyeandikiwa dawa.

Mara ya tatu liliteremshwa kutoka kwenye lori. Lilikuwa limegoma katikati ya mchanga wa mto pale Gulwe. Abiria wakashuka, wakajitwika mizigo yao, wakamwacha. Nilipofungua ile nati ilitoka oili nyeusi, inanuka kama maharage yaliyoungua. Sahani zilikuwa zimeliwa hadi kwenye chuma.

Chini ya zulia la dereva nilikuta kitabu cha gari, maandishi yake ya Kijapani. Nikatazama picha. Moja ilionyesha kijiti kile kile, na pembeni gari linalotoa moshi kwenye ekzosi. Niliitazama kwa muda mrefu. Jioni ile nikaenda nacho kwa dereva wa wizara moja aliyezoea magari ya otomatiki.

"Mlikuwa mnapima mmezima?" Alicheka mpaka akashika ukuta. "Injini iwake, ipate moto, upitishe gia zote, ndipo uvute kijiti. Ukizima, oili inarudi chini, unaona imezidi." Nikamweleza kuhusu ule waya. Akaacha kucheka. "Huo ndio unaoiambia gia ibadilike lini. Ukikazwa sana, inachelewa. Mngeulegeza kidogo tu."

Nilimweleza fundi mkuu. Akasema, "Lilikuja limeoza. Tumeelewana?"

Kesho yake bwana mifugo alinifuata nilipokuwa nanawa mikono kwa petroli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hebu niambie wewe, maana mkubwa wako ananizungusha. Ni yale magunia, siyo? Mke wangu anasema niliua gari kwa tamaa."

Nikamwambia. Kijiti, injini, oili niliyomwaga, ule waya. Alisikiliza hadi mwisho.

"Ulikuwa unajua gia hizi?"

"Hapana, mzee."

"Mimi ng'ombe ambaye ugonjwa wake siujui sikumchoma sindano. Nilimwambia mwenye ng'ombe, huyu simjui." Hakupaza sauti. "Twende Jumamosi, ukamwambie mke wangu maneno hayo hayo. Mimi hataniamini. Gari limekwisha, nimelikubali. Lakini nitakaa na yule mama miaka yote iliyobaki."

Nikasema nitakwenda. Akanielekeza nyumba, ukishapita uwanja wa mnada, yenye bati jipya upande mmoja, akanirudishia maelezo mara mbili ili nisipotee.

Ijumaa alfajiri nilipanda lori la vitunguu lililokuwa linakwenda Singida.