Kikombe Nilichojichotea Mwenyewe

Tangu nimzike mke wangu, sipendi kusikia mwanamke mwingine akisifiwa kwa mapishi. Basi mji mzima wa Baraka uliposifu maziwa ya soya ya Mama Sifa, anayeyapika na wenzake karibu na ziwa, nilikwenda kuyatafutia kosa. Mke wangu alikuwa akiyapika pia, na niliona kama sifa zake zinaibwa.

Nilikuta beseni la maji meupe yenye povu, bata wawili wakilizunguka. Sikungoja kukaribishwa. Nilijichotea kikombe, nikanywa chote, nikasema mbele ya wateja, nikimtaja mke wangu:

“Hii iko na harufu ya maharage mabichi! Bibi yangu hangepatia mutu kitu kama hii!”

Mama Sifa aliweka mwiko chini polepole.

“Ni kweli, Papa Amisi, hangepatia mutu. Ile ni maji tuliosha nayo soya, tunawekea bata. Maziwa iko huku ku moto. Na marehemu bibi yako ndio alitufundisha kuipika. Alituambia: maji ya kwanza, hata mutu akiwa na kiu, musimupe.”