Mwonjaji wa Mihogo

Mama muuza mihogo wa soko la Pangani, pale Kibaha, hauzi muhogo asioujua. Kila mmoja huuvunja ncha, akaukwangua ganda kwa ukucha wa dole gumba, akatafuna huku akitazama pembeni, ndipo aseme, "Chukua, mtamu." Ramadhani ikiingia, mihogo ikigombewa kwa futari na yeye amefunga, humwita Elina, Mkristo anayeuza nyanya meza ya jirani. "Mwanangu, nionjee." Elina hutafuna, huitikia kwa kichwa, biashara inaendelea.

Jana alasiri wateja walijaa. Elina alitafuna, uchungu ukamshika hadi kooni. Akawatazama wale wateja, akayatazama mafungu ambayo hayajaguswa, akamwonea huruma mwenzake. "Mtamu, mama."

Yule mama alimkazia macho. Kisha akazoa mafungu yote, akayarudisha kwenye kiroba. "Nisameheni jamani," akawaambia wateja, "leo sina mihogo."

Leo amemwita tena. "Mwanangu, nionjee." Elina akatafuna, akafungua mdomo ajibu.

"Usiseme," yule mama akamkatiza, macho yametulia usoni pake. "Wewe tafuna tu."