Rakaa Mbili Kando ya Reli

Mie si mtu wa safari. Hata nikipeleka gari gereji Wadi Kabir, humu humu mjini kwetu, nasoma dua kama naivuka bahari, na dada yangu hunicheka. Ndiye aliyetukatia tiketi za treni ile ya zamani, ya makaa ya mawe, siku ya tatu ya likizo yetu katika nchi ya milima na baridi. Mama alifurahi. Maskati hatuna treni. Tuna magari, na gari letu likienda Salala husimama kila wakati wa sala, wala haliondoki mpaka wa mwisho akunje msala wake.

Basi kwenye kituo kimoja, kibanda tu ukingoni mwa korongo, treni ikasimama kutiwa maji. Mama akatazama saa, akabeba chupa ya maji na msala, akashuka.

"Mama, wapi?"

"Nnakwenda kusali rakaa zangu mbili. Watatungoja."

Dada yuko behewa la mbele anapiga picha. Simu ya Mama imelala kitini. Lugha ya kule hajui hata neno la kuombea maji. Nikamwona nyasini, keshafunga mikono, ametupa mgongo, katulia kama yuko chumbani kwake.

Honi ikalia. Nikamsihi kondakta kwa Kiarabu, kwa Kiswahili, kwa mikono; akatabasamu, akanitobolea tiketi mara ya pili. Behewa likajitikisa, likaanza kwenda.

Mlangoni nikatazama kokoto zinavyopita. Nikakamata chuma cha mlango kwa mikono miwili. Huko mbele dada akatoa kichwa dirishani, akamwona Mama anasujudu, akapiga ukelele:

"Ruka, we kuku! Ruka!"

Nikaruka. Niseme kweli: nilianguka. Nilipomfikia Mama nachechemea, kiatu kimoja mkononi, mkia wa treni ulikuwa unazama ndani ya handaki. Tukabaki sisi na ukungu.

Mama akatoa salamu kulia, akatoa kushoto, akanitazama tangu unyayo mpaka utosi.

"Na wewe umeshukia nini?"

"Nimekuja kukuchukua, Mama."

"Kunichukua kwa gari gani?"

Nikainama nikavaa kiatu changu. Akakaa kwenye ubao wa kibanda, akanivuta ubavuni kwake.

"Sogea. Na uache kutetemeka, utaniambukiza."

Lakini mkono wangu aliukamata, mkono wake mwenyewe wa baridi kama jiwe, na hakuuachia mpaka tuliposikia treni nyingine inapanda.