Matoka ya Mama Kefa

Tryphosa Khavere hakuweza kusimama mahali bila kuinama kung'oa magugu. Kwenye foleni ya maziwa, nje ya kanisa, hata uani mwa hospitali alikolazwa mwishoni, mkono ulishuka wenyewe, ukang'oa, ukatia mfukoni mwa aproni. Monicah, binti wa jirani yake, alizoea kuzungumza na mgongo wake.

Alikuja Nyeri kutoka Maragoli Uhuru ulipokaribia, mke wa askari polisi. Mtoto wake wa kwanza, Kefa, alikufa kwa surua, akazikwa pembeni kabisa mwa makaburi ya kanisa la Presbiteri. Mchwa wakala msalaba wa mbao. Ndipo Gathoni, mamake Monicah, alipompa matoka, yale maua ambayo Wakikuyu hupanda mipakani mwa mashamba.

"Panda haya," alimwambia. "Huku hakuna mtu atathubutu kuyang'oa."

Tryphosa akayapanda mstari mmoja upande wa juu wa kaburi, maana upande wa chini palikuwa na mfereji wa barabara.

Kweli, hakuna aliyeyagusa. Mwaka wa sabini na tano barabara ikataka kupanuliwa, na kanisa likaamua kuhamishia wafu wake ng'ambo ya mto. Monicah alikuwa nyumbani, likizo ya chuo cha ualimu. Wachimbaji wakateremka kaburi kwa kaburi hadi kwenye matoka, wakaweka majembe chini. Shamba la kanisa limeishia hapa, wakasema, na kaburi la Kefa likabaki upande wa pili. Askari waliomzika Kefa, babake miongoni mwao, walishapelekwa vituo vingine, hakukuwa na wa kuwabishia. Jumatatu trekta lingepita.

Tryphosa akaenda na jembe lake. Mzee wa kanisa, Mutahi, akamzuia kwa upole.

"Mama Kefa, hii si kaburi. Hii ni mpaka. Hata mtoto anajua."

"Huyo mtoto anayejua ndiye amelala hapo chini, mzee."

"Na kama umekosea? Mimi siwezi kuamuru mtu ang'oe mpaka. Hiyo ni laana."

"Basi usiamuru. Shika tu kofia yako."

Akainama, akashika toka la kwanza shinani. Wachimbaji wakarudi nyuma. Mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba huyu mama ametoka mbali, laana haitajua jina lake. Tryphosa alisikia, hakugeuka. Alipofika la tatu, Gathoni alisukuma watu akaja mbele.

"Ni mimi nilimpa hizo," alisema. "Na ni mimi nilimwonyesha namna ya kupanda. Mutahi, tangu lini mpaka wa kanisa ukawekwa na wanawake wawili?"

Mtu akacheka, kisha wengine. Mutahi akavua koti, akaomba jembe.

Walipata ubao wa sanduku la chai alimozikwa mtoto, na kipande cha blanketi la polisi. Tryphosa mwenyewe ndiye aliyevifunga katika leso. Alivibeba kuvuka mto kwa miguu, akakataa lori, na Monicah akamfuata nyuma akiwa amebeba jembe.

Kwenye kaburi jipya hakupanda kitu. Alipalilia tu, miaka yote, hadi moyo ulipoanza kumshinda. Jioni ya mwisho hospitalini Monicah alimwuliza kama kuna jambo la kuwaambia watu wa kanisa.

"Waniweke karibu na yeye," alisema. "Na nyinyi msinipandie matoka, Monicah. Wazee watasema mpaka umesonga."